Uzi Unaohesabu Nyuzi

Ukiuona mezani utadhani ni unywele wa mvi ulioanguka kichwani mwa mtu. Mimi nilidhani hivyo, nikanyoosha mkono kuupangusa. Fundi akaniwahi: "Dada, huo ndio uzi wenyewe." Akauinua kwa kibano, akaulaza chini ya kioo cha kukuzia, akasogea pembeni nitazame. Unywele ule ulikuwa vinyuzi saba vya shaba vilivyosokotwa pamoja, kila kimoja kimepakwa fedha, na vyote saba kwa jumla vina unene wa milimita 0.12 hivi.

Kwa uzi huo kijana huyu hudarizi mikanda miwili ya kuvaliwa mguuni, mmoja juu ya goti, mwingine chini yake. Ndani ya kila mkanda mna kitanzi. Kitanzi cha juu hutoa mawimbi ya redio, cha chini huyapokea, na kiasi kinachopokelewa hueleza goti limekunjwa nyuzi ngapi. Lugha yetu imezipa nyuzi za kushonea na nyuzi za kupimia pembe jina moja. Katika siku sita nilizokaa kando ya meza yake, kwenye maabara ya chuo kikuu kimoja Marekani, alizitaja zote mbili mara nyingi hivi kwamba nilikuwa naangalia kwanza mikono yake nijue anasema zipi.

Jina lake sitalitaja, ndivyo alivyopenda. Ni mtu wa Tanga. Alianza na cherehani ya kukanyaga kwenye baraza la mjomba wake, akitia vifungo na kupinda suruali za wateja, kabla masomo hayajamchukua kwenye umeme na redio. Sasa yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu, na amerudi kwenye cherehani.

Kazi yenyewe ina ukoo wake. Katika maabara ya ElectroScience ya Chuo Kikuu cha Ohio State, John Volakis na Asimina Kiourti walitumia miaka kutafuta namna ya kudarizi antena kwa cherehani ya mezani. Uzi wao wa awali ulikuwa mnene, nusu milimita, na ndani yake mlikuwa na vinyuzi zaidi ya 600. Walipohamia kwenye uzi wa vinyuzi saba, mchoro ukaanza kutoka kitambaani kwa usahihi wa milimita 0.1, na hilo walilitangaza mwaka 2016. Mwaka 2019 Kiourti na Vigyanshu Mishra wakachapisha kazi ya vitanzi vinavyozungushiwa kiungo cha mwili. Walichagua masafa ya megahezi 34, wakapima mkunjo kuanzia nyuzi 0 hadi 130, na walipolinganisha vitanzi vyao na vipima mwendo vya kawaida, vitanzi havikushindwa. Fundi niliyemtazama hayumo katika maabara hiyo. Aliyasoma maandishi yao kama mshona kofia anavyoitazama kofia ya mwenzake: akahesabu matobo, akarudi kwenye kitambaa chake.

Nilimuuliza kwa nini ajisumbue, ilhali kamera zipo. Kamera zipo kweli, akasema, lakini zinataka chumba chao, na mtu anabandikwa vipira vinavyoakisi mwanga mwili mzima, kisha anatembea akijua anatazamwa. Vipo pia vipima mwendo vidogo kama vile vilivyomo ndani ya simu zetu. Hivyo huvaliwa popote. Ila vinapima kasi ya kugeuka, na ili kupata pembe ni lazima kujumlisha kasi hiyo kidogo kidogo, na kila kosa dogo hujumlishwa nalo. Baada ya muda namba huanza kuteleza. Kitanzi hakijumlishi kitu. Kinasoma goti lilivyo sasa hivi. Kina udhaifu wake pia, na huo ndio uliomla fundi huyu muda mwingi kuliko mambo mengine yote, lakini nitaufikia.

Siku ya kwanza hakushona hata mshono mmoja. Alichukua utepe wa kupimia, ule ule wa mafundi nguo, akauzungusha juu ya goti la mwenzake aliyejitolea kuivaa mikanda. Sentimita 44. Akapima tena mwenzake akiwa ameketi, akapima akiwa amesimama, akapima akiwa amekaza msuli wa paja, akaandika namba zote. Paja la mtu hai halitulii kama nguzo, na mkanda ni lazima ulikae bila kulikaba wala kuteleza. Ukubwa wa kitanzi ndio unaoamua kitaitikia masafa gani. Alinifanyia hesabu kwenye kona ya karatasi: kitanzi cha mzingo wa sentimita 44 kikiongezeka sentimita 1 tu, masafa yake hushuka karibu nusu megahezi. Kwa fundi suruali, sentimita 1 ya kiuno ni nafasi ya kushiba. Kwake ni kufumua na kuanza upya.

Mchoro haukuwa na cha kustaajabisha. Ni mstari mrefu unaokwenda na kurudi, mistari miwili iliyolala sambamba, na mwishoni pengo dogo la kuwekea vifaa. Programu ya kudarizi huugeuza mstari kuwa vitone, kila kitone ni mahali sindano itakapotua. Hapo ndipo nilipoanza kuona tabia yake. Programu ilipendekeza urefu wa mshono, hakuukubali. Mshono mrefu huacha uzi ukielea juu ya kitambaa, ukanasa kwenye kucha na kwenye suruali. Mshono mfupi mno hukitoboatoboa kitambaa hadi kikalegea, na kila kona ya mshono ni mahali ambapo kinyuzi cha shaba kinaweza kuvunjika. Alishona vipande vinne vya urefu tofauti, akavikunja mara nyingi kwa vidole huku akisoma karatasi nyingine, kisha akavitazama tena chini ya kioo. Kimoja kilikuwa na kinyuzi kimoja kimesimama kama unywele uliokataa kuchanwa. Kile akakitupa. Vilivyobaki vitatu akavipima ukinzani wa umeme kimoja kimoja, ndipo akachagua.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kazi hii hushonwa kifudifudi. Uzi wa fedha haupiti kwenye tundu la sindano. Huzungushwa kwenye bobini na kukaa chini, na juu hupita uzi wa kawaida wa poliesta ambao kazi yake ni kuushikilia tu. Maana yake upande wenye thamani uko chini ya kitambaa, umefichwa na bamba la cherehani, na fundi anachokiona muda wote ni mgongo wa kazi yake. Mchoro wowote usiolingana kulia na kushoto lazima ugeuzwe kwanza kama kwenye kioo.

Sababu ya kuuweka uzi chini inatoka mbali kidogo na ushonaji. Umeme wa masafa haya haupiti katikati ya waya. Hukimbilia ukingoni, na kwenye shaba, kwa megahezi 34, sehemu kubwa yake husafiri katika tabaka la nje lenye kina cha milimita 0.011 tu. Kwa hiyo ile fedha iliyopakwa juu ndiyo barabara yenyewe. Tundu la sindano husugua uzi mara kadhaa kabla haujafika kitambaani, kila msuguano unakwangua. Bobini huutoa uzi taratibu na mara moja. "Huu uzi," aliniambia, "ukiukwaruza, umeharibu mahali panapotumika. Ndani pamebaki pazima lakini hapakusaidii."

Bobini yenyewe aliijaza kwa mkono. Cherehani ina mahali pa kujazia, na kila fundi hupatumia, lakini huvuta uzi kwa kishindo. Yeye alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, akaishika bobini kwa mkono wa kushoto na kuuzungusha uzi kwa wa kulia, mzunguko kando ya mzunguko, bila mmoja kupanda juu ya mwenzake kabla ya wakati. Ilichukua dakika kama ishirini. Hakusema neno. Nami nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuhesabu mizunguko bila kukusudia.

Kisha mkazo. Mtu yeyote aliyewahi kukalia cherehani anajua kwamba mkazo wa uzi ndio nusu ya kazi. Uzi wa juu ukikazwa sana huuvuta ule wa chini upenye kitambaa na kutokeza upande wa pili. Ukilegea, uzi wa chini hulala bila kushikwa, ukacheza. Kwa nguo ya kawaida kasoro hiyo ni ya macho. Hapa kila kijikona cha uzi uliovutwa juu huongeza urefu wa njia ya umeme, na njia ikirefuka kitanzi hakiitikii tena pale kilipohesabiwa. Fundi alishona mistari mifupi kwenye vitambaa vya majaribio, akigeuza gurudumu la mkazo kwa kiasi ambacho mimi sikukiona kikigeuka. Mstari mmoja, anageuza kitambaa, anapitisha ukucha juu ya mishono, anatikisa kichwa. Mstari mwingine. Nilimuuliza anatafuta nini kwa ukucha. Akanishika kidole akakipitisha mwenyewe, kwanza kwenye mstari wa tatu, halafu kwenye wa saba. Wa tatu ulikuwa na vijiwe. Wa saba uliteleza kama ukingo wa sarafu mpya. Kwangu ulikuwa umekamilika. Kwake ulikuwa bado, na aliukubali wa kumi na mmoja.

Kitambaa alichokichagua kilikuwa cha pamba nzito isiyovutika, kimeimarishwa kwa kitambaa kigumu cha kuwekwa chini. Alikibana kwenye fremu, akakigonga kwa kidole kikalia kama ngoma ndogo, akakilegeza kidogo. Kitambaa kilichokazwa mno, alieleza, kikitolewa kwenye fremu hujirudi, na mstari ulionyooka unakuwa na mawimbi. Mkanda wa sentimita 44 hauingii wote kwenye fremu ya cherehani ya nyumbani, kwa hiyo ilibidi kushona sehemu ya kwanza, kusimamisha, kukisogeza kitambaa na kukibana upya, uzi ukiwa haujakatwa. Alikuwa ameweka alama mbili za kalamu inayofutika kwa maji. Sindano aliishusha kwa mkono, kwa kuzungusha gurudumu la ubavuni, mpaka ncha ikatua ndani ya tundu lile lile ilimoishia. Haikutua mara ya kwanza. Akaipandisha, akakisogeza kitambaa kwa upana wa uzi mmoja, akaishusha tena.

Cherehani ilipoanza kukimbia hakuitazama. Aliinamisha kichwa na kufumba macho, akiisikiliza. Mjomba wake, alisema baadaye, alikuwa akimtuma mbali na cherehani, nje barazani, na kumtaka aseme kwa kusikia tu kama uzi umekatika. Kushona kitanzi kizima hakukumaliza robo saa. Robo hiyo ilikuwa imetanguliwa na siku mbili.

Alipokitoa kitambaa kwenye fremu na kukigeuza, ndipo nilipoiona kazi yenyewe kwa mara ya kwanza: mistari miwili ya fedha, sambamba, bila tumbo wala kiuno, inang'aa kidogo taa inapoigonga. Yeye hakuisifu. Aliweka ncha moja ya kipimo cha ukinzani mwanzoni mwa uzi na nyingine mwishoni, akasoma namba, akaiandika. Kisha akaupindapinda mkanda huku ncha zikiwa bado zimegusa, akitazama kama namba itaruka. Haikuruka.

Siku ya nne ilikuwa ya kulehemu, na sijawahi kuona mtu akijitayarisha muda mrefu namna ile kwa kazi ya sekunde mbili. Miisho ya uzi huungwa na kibao kidogo cha saketi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ambacho hubeba kapasita na kiunganishi cha waya. Tatizo ni kwamba bati iliyoyeyuka huila fedha. Ukichelewa kuondoa chuma cha moto, fedha iliyopakwa juu ya shaba huyeyukia ndani ya lehemu na kutoweka. Na kitambaa nacho kipo hapo hapo: uzi wa poliesta unaoushikilia ule wa fedha huyeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi, wakati ncha ya chuma cha kulehemu huzidi 300. Kwa hiyo alitumia lehemu iliyokwisha kutiwa fedha kidogo, ili isiwe na njaa ya fedha ya uzi. Akabana kibanio cha shaba kati ya kiungo na kitambaa, kiufyonze moto kabla haujafika kwenye mishono. Akapaka dawa ya lehemu kwa ncha ya kijiti. Akasafisha chuma kwenye sifongo yenye maji, ikatoa sauti ya tsss. Akavuta pumzi, akaishikilia, akagusa.

Tone la lehemu lilitanda, likang'aa, likapoa. Moshi kidogo. Kitambaa hakikubadilika rangi hata kidogo. Akakiacha kibanio mahali pake mpaka joto lote likaisha, ndipo akapumua. Baadaye alikishona kibao kwenye mkanda kwa mkono, kwa sindano na uzi wa kawaida, mishono sita kila upande, ili mkanda ukivutwa mvuto ubebwe na kitambaa na usifike kwenye lehemu. Mishono hiyo hakuna chombo kinachoipima wala karatasi inayoitaja. Aliishona kwa uangalifu ule ule.

Kitanzi kilichoshonwa bado ni bubu. Ili kiitikie megahezi 34 lazima kioanishwe na kapasita, na kwa kitanzi cha ukubwa ule hesabu inatoa kama pikofaradi 50. Kapasita za dukani huuzwa kwa namba zake maalumu, na kitanzi cha mkono hakifanani kabisa na cha kwenye karatasi, kwa hiyo pembeni huwekwa kapasita ndogo ya kurekebishwa kwa bisibisi. Bisibisi yenyewe ni ya plastiki, maana chuma kikisogezwa karibu hubadilisha kile kile unachokirekebisha. Hata mkono hubadilisha. Fundi hugeuza bisibisi kwa robo ya robo ya mzunguko, huondoa mkono, hujiegemeza nyuma kwenye kiti, ndipo hutazama kioo cha mashine. Hugeuza tena, huondoa mkono, hujiegemeza.

Mashine hiyo hutuma mawimbi kwenye kitanzi na kuonyesha kiasi gani kimerudi. Kitanzi kisipoitikia, karibu yote hurudi. Kikiitikia, mstari kwenye kioo hutumbukia kama shimo, na kitovu cha shimo ndicho kinachosogezwa hadi kikae juu ya 34. Kabla ya kuiamini, mashine hupimwa yenyewe kwa vipande vitatu vidogo vya shaba na dhahabu: kimoja njia yake iko wazi, cha pili imefungwa, cha tatu kina ukinzani wa omu 50. Kila asubuhi, na kila baada ya chakula cha mchana. Waya unaokwenda kwenye mashine umevishwa shanga nyeusi za feraiti, mkufu mzima, kwa sababu bila hizo waya wenyewe hugeuka antena na kuanza kusimulia habari zake. Niliusogeza waya huo kwa kiwiko bila kukusudia, mstari ukatetemeka. "Dada, naomba usiuguse." Nikahamisha kiti changu hadi dirishani.

Kabla ya mguu wa mtu, alitengeneza mguu wa uji. Maji, sukari, chumvi, na agari, unga unaotokana na mwani, vikapikwa na kukorogwa polepole ili visifanye mapovu, vikamiminwa kwenye vyombo viwili vya mviringo virefu vilivyoungwa kwa bawaba. Sukari na chumvi huufanya uji ufanane na nyama mbele ya mawimbi. Sifa kubwa ya vitanzi hivi ni kwamba uga wa sumaku hupita mwilini karibu kama unavyopita hewani, na wimbi la megahezi 34 lina urefu wa karibu mita 9, hivyo mguu kwake ni kitu kidogo. Lakini kusema hivyo si kupima. Mguu wa uji ulipoa usiku kucha, na asubuhi akauvisha mikanda.

Hapa ndipo ule udhaifu nilioahidi kuufikia. Mguu ukinyooka, vitanzi viwili vinatazamana uso kwa uso. Goti likikunjwa vinasogeleana na kuinamiana, na kinachopokelewa hupanda. Kwa hesabu ya vitanzi vidogo vilivyo umbali sawa kutoka kwenye goti, mkunjo wa nyuzi 90 huongeza kinachopokelewa zaidi ya mara mbili. Hilo ni rahisi kulisoma. Lakini kuongezeka huko hakuanzi mara moja. Kutoka mguu ulionyooka hadi nyuzi 10, tofauti haifiki hata asilimia 1. Namba inakaa pale pale kama mtu asiyetaka kuamka, kisha ghafla inaanza safari.

Na nyuzi hizo kumi za mwanzo zina watu wake. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kano la mbele la goti hufanyishwa mazoezi, na moja ya mambo ya kwanza yanayotafutwa ni goti kunyooka kabisa. Likibaki limekunjika nyuzi chache, atachechemea. Yaani mahali ambapo mganga wa viungo anataka kuona vizuri zaidi ndipo ambapo kitanzi huona kwa shida zaidi. Mtu mwingine angeandika kwenye ripoti kwamba kifaa ni kizuri kuanzia nyuzi 15, na angekuwa amesema kweli. Yeye alikataa kuandika hivyo kabla hajamaliza kila kilicho mikononi mwake. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipostahili jina la fundi, kuliko pale kwenye lehemu.

Alifanya nini? Hakuwa na hila. Alirudi kwenye kila kitu kinachoweza kutikisa asilimia 1 na kukitafutia utulivu. Vifungo vya chuma vya kubana vinavyofunga mkanda: alivifungua na kuvifunga mara nyingi huku akipima ukinzani, akavitupa viwili vilivyosoma tofauti kila mara. Upande wa ndani wa mkanda akaupaka mistari miembamba ya silikoni ili usizunguke kwenye ngozi. Sehemu moja ya mshono wa kitanzi cha chini ilikuwa na kijiwe kimoja, kimoja tu, ambacho mimi sikukiona hata nilipoelekezwa. Kitanzi hicho chote akakifumua. Alikata uzi wa poliesta kwa upande wa juu, mshono baada ya mshono, kwa ncha ya mkasi wa kucha, uzi wa fedha ukaachia wenyewe ukabaki mezani umejikunja. Uzi ukishashonwa mara moja hautumiki tena. Akajaza bobini upya, kwa mkono.

Upimaji wa nyuzi hizo ulichukua siku nzima ya sita. Kwenye bawaba ya mguu wa uji palikuwa na kipimapembe. Nyuzi 0: anaachia mkono, anasubiri, anasoma, anaandika. Nyuzi 1: anaachia mkono, anasubiri, anasoma, anaandika. Hadi 10, kisha anarudi chini hadi 0, maana kifaa kisichosoma sawa wakati wa kupanda na wakati wa kushuka hakiaminiki. Kisha anavua mikanda yote miwili, anaivisha tena, anaanza upya. Mara ya tano nilitoka kwenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa kwenye ya nane, na mgongo wake haukuwa umebadilika.

Jioni akamwita yule mwenzake aliyejitolea. Alichora mistari minne kwa kalamu kwenye ngozi yake, juu na chini ya goti, ili kesho na keshokutwa mikanda ikae pale pale. Akamfunga, akakagua kila kifungo kwa kidole gumba. Mwenzake alikuwa ameketi kwenye meza ndefu, mguu umenyooka mbele yake. Fundi akamwambia akunje kidogo tu, kama mtu anayesogeza mguu usingizini.

Mstari kwenye kioo ulipanda. Ulipanda kidogo mno, ningeupita bila kuuona kama nisingekuwa nimeuangalia ukiwa umelala siku nzima. Mwenzake akanyoosha mguu, mstari ukashuka ukatua pale ulipotoka. Fundi akasema, "Tena." Ukapanda, ukashuka, ukatua pale pale. "Tena." Alisema tena mara arobaini na nne, na kila mara alitia alama kwenye daftari.

Nilipokuwa naaga alinifungulia droo. Mlikuwa na jozi nane za mikanda, kila jozi ndani ya bahasha yake, na juu ya kila bahasha ameandika kwa kalamu ya risasi kasoro yake: mkazo, lehemu, kifungo, kona ya pili, kitambaa kilijirudi. Hii niliyoiona ikishonwa ni ya tisa. Haikuwekwa kwenye droo. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, na juu ya cherehani fremu ilikuwa tayari imebanwa kitambaa kipya, cha mzingo wa sentimita 29, kwa goti la mtoto.